UZI: Kazi za kutunza wanyama Nakuru, Kisumu na Magharibi, kwa kijana anayechagua masomo na mzazi anayelipa karo

Mwanzisha uzi (Njoro)

Salaam wanajukwaa. Kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wa Njoro, Rongai na Molo hunipigia simu na swali lile lile: mtoto wangu anapenda wanyama, je, anaweza kuwa daktari wa mifugo? Nimeonelea niandike kwa kirefu mahali pamoja, kwa kuwa jibu la ndiyo au hapana halimsaidii mtu. Nafanya kazi ya afya ya mifugo katika Kaunti ya Nakuru na nimewapokea wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani wa ngazi zote. Hoja yangu ni kwamba tunaihesabu kazi hii kuanzia juu, kwenye shahada, ilhali inamtegemea zaidi mtu anayeshinda na mnyama kutwa kucha. Mtu huyo akiwa amefunzwa vizuri hutafutwa sana, na kijana anayeanzia kwake ana njia ndefu ya kupanda, ikiwa jamaa zake hawatamwonea haya.

Ngazi za masomo nitazipitia haraka. Udaktari wa mifugo ni shahada ya miaka mitano; Chuo Kikuu cha Nairobi huifundisha Kabete, na Egerton, ambacho kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, huifundisha papa hapa Njoro. Sayansi ya wanyama ni shahada nyingine kabisa: mhitimu wake hujua lishe, uteuzi wa mbegu bora na usimamizi wa shamba, lakini si daktari, na matibabu si kazi yake. Wazazi wengi huzichanganya hizi mbili wakati wa kujaza maombi ya KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kisha majuto huja mwaka wa pili. Baada ya hapo kuna diploma na cheti cha afya ya mifugo katika taasisi za serikali tunazoziita AHITI, zilizoko Kabete, Ndomba kule Kirinyaga, na Nyahururu, ambako ni karibu kwa mtu wa Nakuru. Anayevutiwa na maziwa yenyewe kuliko ng'ombe, yaani upimaji wa ubora na usindikaji, ana Taasisi ya Mafunzo ya Maziwa pale Naivasha. Watu wa Magharibi wana Chuo cha Kilimo cha Bukura, Kaunti ya Kakamega, ambako ufugaji hufundishwa pamoja na kilimo. Mkaguzi wa nyama naye hupata mafunzo yake Athi River.

Jambo ambalo sitalipita haraka ni usajili. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao iliipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, mamlaka ya kuwasajili wote wanaotibu, kuanzia mwenye shahada hadi mwenye cheti. Kumtibu mnyama wa mtu bila usajili ni kosa kisheria, hata kama umezaliwa zizini na mkono wako ni mwepesi. Wapo vijana wengi wanaouza dawa kwenye agroveti kwa miezi michache, kisha wanaanza kupita nyumba kwa nyumba na sindano mfukoni, na wenyeji wanawaita daktari. Madhara yake huonekana kwenye maziwa. Ng'ombe akichomwa dawa ya kuua bakteria, maziwa yake hayapaswi kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Asiyefunzwa hamwambii mkulima, na mkulima anayapeleka kwenye ushirika jioni hiyo hiyo. Huko maziwa lala hayagandi, kwa sababu dawa imeua vijidudu vya kugandishia, na mzigo wa wakulima wengine unaharibika pamoja na wa mmoja. Lililo zito zaidi ni kwamba vijidudu vya magonjwa vinazoea dawa kidogo kidogo, na dawa hizo ndizo tunazozitegemea hospitalini sisi wenyewe na watoto wetu.

Sasa nije kwa mhudumu wa mifugo, ambaye kwa kawaida hakuna anayemwandikia chochote.

Mhudumu mzuri huingia zizini kabla ya kukamua na kusimama kimya kidogo. Anatazama nani amelala na nani amesimama, nani anacheua na nani hacheui, pua ya nani imekauka, kinyesi cha nani kimekuwa chepesi kuliko cha jana. Halafu anapapasa, chini ya sikio na mbele ya bega, akitafuta tezi iliyovimba. Ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni, huanza hivyo: tezi iliyo karibu na mahali kupe alipouma huvimba, na homa hupanda. Kipimajoto kikionyesha zaidi ya nyuzi 40 kwa ng'ombe ambaye kawaida yake ni 38.5 hivi, simu kwa daktari inapaswa kupigwa asubuhi hiyo, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu hufanya kazi vizuri ukiwa bado mchanga. Mapafu yakishajaa maji na povu likaanza kutoka puani, mimi nikifika saa sita mchana na mkoba wangu wote sina msaada mkubwa wa kutoa. Kwa hiyo uhai wa ng'ombe huyo wa gredi uliamuliwa na mtu aliyempapasa alfajiri, au ambaye hakumpapasa.

Mtu huyo huyo ndiye anayeosha kiwele, anayekamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone kama maziwa yana mabonge, anayechovya chuchu kwenye dawa baada ya kukamua, na anayemweka ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele awe wa mwisho ili asiwaambukize wengine. Ndiye pia anayeandika tarehe. Na katika mashamba niliyoyatembelea, ndiye anayelipwa pesa kidogo kuliko wote na kulala kwenye stoo ya chakula cha ng'ombe. Jambo hili linaniuma, na ninaliandika hapa kwa sababu wenye mashamba wengi wanasoma jukwaa hili.

Nakaribisha maswali.

Mama wa watatu (Kisumu)

Asante mwalimu kwa maelezo haya. Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne. Alama zake hazikufikia za shahada ya udaktari, lakini moyo wake uko kwa wanyama wa pori tangu alipokuwa mdogo, tukimpeleka pale hifadhi ya Impala kando ya ziwa. Baba yake anasema kulisha simba si kazi ya kusomea. Naomba utufafanulie, maana nyumbani hatuelewani.

Mwanzisha uzi (Njoro)

Mama, nakushukuru, na mwambie baba watoto kwa heshima zote kwamba kulisha simba ni kazi inayohitaji masomo, kwa sababu anayeikosea anaweza kulipa kwa uhai wake.

Hifadhi ya Impala, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, ni mahali pazuri pa kujionea. Swala pala wako huru, ila wanyama wakali wako ndani ya vizimba, na mnyama aliye kizimbani hutegemea watu kwa kila kitu. Mtunzaji lazima ajue kiasi cha nyama na siku za kutolisha, ahakikishe mlango wa ndani umefungwa kabla ya kufungua wa nje, asifanye usafi mnyama akiwa upande ule ule, na asiingie kazini peke yake. Pia ampe mnyama kitu cha kumshughulisha. Mnyama wa jamii ya paka anayetembea mstari mmoja kwenda na kurudi siku nzima ameelemewa, na mtunzaji aliyesoma hubadilisha mahali pa kuficha chakula, huweka magogo ya kupanda na harufu mpya za kufuata, ili mnyama atumie akili yake.

Kuhusu masomo, ipo Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori pale Naivasha, yenye kozi za ngazi ya cheti na diploma, na kwa anayefikia shahada, Chuo Kikuu cha Eldoret kina shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Uaskari wa wanyamapori ni njia tofauti. Huko ni sare, nidhamu na silaha, mafunzo hutolewa Manyani, na nafasi hutangazwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, lenyewe. Anayekuomba pesa ili amwingize mtoto ni tapeli.

Binti asidhani kwamba kazi hizi ziko Maasai Mara tu. Mbuga ya Ziwa Nakuru, ambayo ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1968, imezungushiwa uzio na ina faru weusi na weupe, na faru hao hufuatiliwa mmoja mmoja: kila mmoja hukatwa alama masikioni kwa mpangilio wake, na askari anayezunguka na darubini humtambua kwa alama hizo na kuandika alimwona wapi na akiwa na nani. Ruma, kule Bonde la Lambwe, Homa Bay, ndiko pekee nchini ambako swala aitwaye korongo amebaki. Saiwa, karibu na Kitale, ni mbuga ndogo mno inayomhifadhi nzohe, swala wa kinamasi. Maeneo kama haya yanahitaji watu wanaojua kuhesabu, kuandika na kuvumilia mvua.

Neno moja la usalama, kwa sababu ni mtoto wa kike wa mama anayejali. Mwaka 2015 ugonjwa wa kimeta uliua mamia ya nyati katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Mzoga wa kimeta mara nyingi hutoa damu nyeusi isiyoganda puani na nyuma, na kosa kubwa ambalo mtu anaweza kulifanya ni kuupasua ili aone kilichoua, kwa sababu vijidudu hivyo vikipata hewa hujifunika na kukaa ardhini kwa miongo. Anayeingia kazi hii lazima afundishwe mzoga wa kutogusa kabla ya kufundishwa wa kuchunguza. Tusisahau kwamba homa ya Bonde la Ufa iliyosumbua nchi nyingi ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye kondoo wa shamba moja la karibu na Ziwa Naivasha, miaka ya 1930 na 1931. Katika eneo letu, magonjwa ya wanyama kuwafikia watu si jambo la kusimuliwa.

Msaidizi wa afya ya mifugo (Vihiga)

Nimefuata uzi huu kwa makini na ninaunga mkono. Niongeze yanayotokea huku kwetu, ambako mashamba ni madogo na mtu ana ng'ombe mmoja au wawili.

Nina diploma na nimesajiliwa. Kazi yangu kubwa ni uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mbegu za fahali kwa mrija mwembamba badala ya kumleta fahali, ambao wakulima wanauita kupandisha kwa mrija. Vijana hudhani ni kuchukua mrija na kuuingiza, basi. Mbegu hukaa ndani ya naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukiinua kikapu juu ya mdomo wa mtungi ukitafuta jina la fahali huku ukiongea na mkulima, mirija yote mingine iliyomo inaanza kupata joto na mbegu zinakufa bila dalili yoyote ya nje. Unatoa mmoja kwa koleo, unauzamisha kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 40, unaukausha kabisa maana tone la maji huua mbegu, unaukata, unauvisha ala yake, kisha unauweka chini ya shati kifuani ili usipoe kabla ya kumfikia ng'ombe. Hapa Vihiga asubuhi ina baridi, na nimeona wenzangu wakibeba mrija mkononi umbali wa uwanja mzima.

Hayo yote hayana maana kama aliye nyumbani hakutambua kwamba ng'ombe yuko kwenye joto, yaani yuko tayari kupandwa. Ng'ombe akionekana anasimama na kupandwa na wenzake asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Aliye peke yake zizini hana wa kumpanda, kwa hiyo dalili ni ute, kelele na kukosa utulivu, na anayezijua ni yule mama au kijana anayemkatia nyasi. Akikosea, tunasubiri siku 21 nyingine, na mkulima anapoteza maziwa ya muda huo wote. Ndiyo sababu nasema mwanzisha uzi amegonga penyewe: kipato changu kinategemea macho ya mtu mwingine.

Kwa wasio na karo ya diploma, kuna pia kuku. Mdondo unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja, na chanjo yake ni tone moja jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kijana mwenye kisanduku cha baridi anayeshirikiana na afisa wa mifugo wa wadi anaweza kupanga siku ya chanjo na vikundi vya akina mama, akaandika daftari na kurudi kwa wakati. Chanjo ibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokaa juani haifai tena, hata kama chupa inaonekana vilevile.

Kuhusu mbwa, Kisumu na Siaya ni miongoni mwa kaunti ambako mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030 ulianzia, na lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kampeni hizo huhitaji watu wa kuwashika mbwa. Naomba kila anayejitolea akumbuke kwamba yeye mwenyewe anapaswa kuchanjwa kwanza, kwa kuwa dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba.

Mfugaji (Bahati)

Nawaheshimu nyote, lakini nina pingamizi. Mwanzisha uzi anatuambia wenye mashamba tuwafunze na kuwalipa wahudumu vizuri. Mimi nilimgharamia kijana mafunzo ya kukamua na kutengeneza saileji, yaani malisho ya kuhifadhi, na hakukaa. Jirani alimwongezea kidogo, akahama. Sasa nimfunze mwingine kwa faida ya jirani?

Mwanzisha uzi (Njoro)

Mzee wangu, uchungu wako nauelewa na wengi wanao. Hata hivyo, tazama hesabu upande wa pili. Ng'ombe mmoja wa gredi akifa kwa ndigana, au akikosa kushika mimba mara mbili mfululizo, hasara yake inazidi nyongeza ambayo ingemfanya kijana abaki. Jirani alishaipiga hesabu hiyo, ndiyo sababu akamchukua.

Wahudumu wengi wanaohama huniambia sababu tatu: mshahara unaocheleweshwa, kukosa hata Jumapili moja ya kwenda kwao, na kutukanwa mbele ya wageni. Mkataba wa maandishi, tarehe ya malipo isiyobadilika na chumba chenye mlango unaofungwa ni vitu ambavyo mfugaji wa ng'ombe watano anaweza kuvimudu. Kuna wenye mashamba wa Subukia wanaompa mhudumu malipo ya ziada kwa kila ndama anayefika kuachishwa maziwa akiwa mzima. Mimi naliona hilo kuwa jambo la haki, maana ndama ni kazi ya mhudumu kuliko ya mtu mwingine yeyote: ndiye anayehakikisha anapata maziwa ya kwanza ya mama yake ndani ya saa chache za mwanzo, kitovu kikipakwa dawa, hata kama ng'ombe amezaa saa nane za usiku.

Kijana wa zizini (Molo)

Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye huyo mnayemzungumzia. Nachunga kondoo na ng'ombe wa mtu, nilimaliza kidato cha nne, na sina wa kunilipia karo. Nianzie wapi kwa hali niliyo nayo?

Mwanzisha uzi (Njoro)

Marahaba, kijana wangu. Tayari umeanza, kwa hiyo nitakwambia ya kufanya kuanzia wiki hii.

Nunua daftari. Andika kila mnyama kwa jina au namba yake, siku aliyopandwa, siku aliyozaa, dawa aliyopewa na nani, na alichokula. Ukipata kipimajoto, andika na joto la kila mgonjwa kabla daktari hajafika. Ninapochagua wa kumchukua kwa mafunzo, daftari la namna hiyo lina uzito kwangu kuliko barua ya kusifiwa. Daktari au msaidizi akija hapo shambani, omba umshikie mnyama na uulize kwa nini amechagua dawa ile. Wengi wetu tunapenda kuulizwa. Usikubali kuchoma sindano kwa wanyama wa majirani, hata wakikusihi na hata wakikulipa, kwa sababu jina lako litachafuka mapema kabla hujasajiliwa.

Siku za josho, usiwe wa kukimbiza kondoo tu. Jifunze kupima dawa ya kupe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, kwa kuwa dawa hafifu huzoeza kupe, na kali mno humdhuru mnyama na wewe pia. Vaa glavu.

Kwa masomo, cheti cha AHITI ndicho kinachokufaa kwanza, si diploma. Ombi hupitia KUCCPS, kwa hiyo tafuta hati yako ya matokeo na kitambulisho mapema, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya masomo, hutoa mikopo hata kwa wanafunzi wa vyuo vya kati. Uliza pia ofisi ya wadi kuhusu basari ya kaunti, na upeleke maombi mwenyewe kwa mkono ukiwa na nakala. Mwenye cheti aliyefanya kazi anaweza kurudi baadaye kwa diploma. Miongoni mwa wenzangu wa Nakuru wapo waliopita njia hiyo, wakianzia kwenye uchungaji kama wewe.

Kama mwajiri wako ni mtu wa kusikiliza, mwonyeshe daftari baada ya miezi mitatu na umwombe ruhusa ya siku moja uende Nyahururu kuuliza karo na tarehe za kujiunga. Ukirudi, niandikie hapa chini karo waliyokutajia, nami nitakusaidia kupanga maombi ya basari kabla muhula haujaanza.